Mpaka wa Shule na Haki ya Ujirani

Mipaka ni ya namna mbili. Iko iliyowekwa na maumbile, kama mto na mlima; na iko iliyowekwa na wanadamu, kama ua wa nyumba, mstari wa wilaya na eneo la shule. Ile ya kwanza huvukwa kwa mtumbwi, kwa daraja au kwa miguu yenye nguvu. Hii ya pili haina maji wala miamba, walakini mara nyingi ni migumu zaidi kuvukwa, kwa kuwa watu wakiizoea huidhani ni ya namna ya kwanza. Husahau kwamba iliandikwa kwa kalamu, na kwamba kilichoandikwa kwa kalamu chaweza kuandikwa tena.

Katika mipaka yote ya kalamu, hapana uliofichika kuliko mpaka wa shule. Haulindwi na askari, wala hauna nguzo barabarani. Lakini huo ndio unaoamua mtoto ataketi na nani katika miaka ya utoto wake, atacheza na nani, atagombana na nani na kupatana naye, na atakapokuwa mtu mzima nani atamwita mwenzangu na nani atamwita mgeni. Swali la insha hii ni moja: Je, ni haki mpaka wa shule uchorwe kwa makusudi ili watoto wa jamii mbalimbali wakutane, hata ikiwa njia ya baadhi yao itakuwa ndefu zaidi? Swali hili ni la dunia nzima. Lakini maadili yasiyo na mahali ni kama mbegu isiyo na udongo. Kwa sababu hiyo yafaa lipimwe mahali pamoja, nako ni Ifakara na Bonde la Kilombero.

Bonde hili limelala kati ya Milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge. Wenyeji wake wa tangu zamani ni Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga; Wambunga, ambao Ifakara ilikuwa kitovu chao; Wapogoro, Wabena na Wahehe. Juu ya hao wakaja wengine. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiliwavuta vibarua na mafundi kutoka mikoa mingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ikaleta watu na ikaacha watu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na maabara iliyofunguliwa na Waswisi mwaka 1957 ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ziliwaleta waganga na wataalamu. Mwisho, katika miongo ya karibuni, wakaja wafugaji wa Kisukuma, Kibarabaig na Kimaasai na makundi yao ya ng'ombe, wakitafuta malisho na maji yasiyokauka.

Ni mabonde machache nchini yenye mchanganyiko kama huu. Lakini kuwa katika bonde moja si kuishi pamoja. Mfanyakazi wa kiwanda hukaa karibu na miwa. Mtumishi wa serikali hukaa mjini. Mkulima hukaa kijijini kwake, na msimu wa mpunga ukifika huhamia shambani na jamaa yake, katika kibanda karibu na dungu la kuwingia ndege. Mfugaji hujenga boma lake pembezoni mwa tambarare. Shule ya msingi ni ya kijiji au mtaa. Shule ya sekondari, tangu ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari mwaka 2004, kwa sehemu kubwa ni ya kata. Basi mstari uliogawa nyumba umegawa madarasa pia. Na watoto ambao baba zao wanagombea maji ya mto mmoja hawakutani isipokuwa kwa jina la kundi: huyu mkulima, yule mfugaji.

Madhara ya jambo hili yalionekana wazi mwaka 2012, wakati wafugaji wengi na mifugo yao walipoondolewa katika bonde kwa amri ya serikali, ili ardhi oevu ile, iliyotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, ipate kuokoka. Haidaiwi kwamba ukali wa siku zile ungezuiwa na shule. Ng'ombe akiingia katika mpunga, mpunga huliwa, hata kama watoto wa pande mbili wanasoma darasa moja. Lakini iko tofauti kati ya kusema "ng'ombe wa wafugaji wamekula mpunga wetu" na kusema "ng'ombe wa baba yake fulani wamekula mpunga wetu." La kwanza ni tangazo la vita, la pili ni shauri la kupelekwa kwa wazee. Aliyesoma na mtu hujua jina lake, na mwenye jina ni vigumu kumfanya adui mzima mzima.

Nchi hii si ngeni katika shauri la kuchanganya watoto. Chini ya utawala wa Waingereza zilikuwako shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha. Sheria ya Elimu ya 1961, iliyoanza kutumika mwaka 1962, iliondoa ubaguzi huo wa rangi. Ukabaki utengano wa dini, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni. Katika Ulanga na Kilombero, Kanisa Katoliki lilikuwa na mkono mkubwa. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule hizo chini ya serikali, zikapokea watoto wa dini zote. Kisha, katika miaka iliyofuata, ikawa desturi kijana aliyechaguliwa kwenda sekondari kupelekwa mbali na kwao: Mhaya akalala bweni moja na Mmakonde, na Mpogoro akala ugali wa meza moja na Mmeru. Wengi wa kizazi kile hukiri kwamba utaifa waliujua bwenini kabla ya kuusoma vitabuni.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini isifichwe hesabu yake. Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliandika kwamba mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Mwaka 1967 walikuwa wamefika 25,000. Huo ulikuwa udugu wa wateule. Kwa kila kijana mmoja aliyepanda treni kwenda kujuana na wenzake wa mbali, walibaki vijijini wengi ambao hawakupata hata shule ya kukosana ndani yake. Shule za kata zilipokuja, ziliwapa nafasi watoto ambao baba zao hawakuipata. Yeyote azilaumuye kwa kuwa zimepunguza mchanganyiko, na akumbuke kwanza kwamba zimepunguza ujinga.

Hata hivyo faida moja haifuti hasara nyingine. Leo mtoto wa Kilombero aweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne pasipo kutoka nje ya kata yake. Akifaulu vizuri, hupangwa kidato cha tano katika shule ya mbali, na huko hukutana na nchi yake. Asipofaulu, hurudi nyumbani bila kukutana nayo. Ndiyo kusema kwamba kuchanganyika, ambako taifa lilikuhesabu kuwa haki ya raia, kumekuwa tuzo ya mtihani. Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, ilitumika kanuni iliyotenga asilimia 85 ya nafasi za shule za sekondari kwa wanafunzi wa maeneo yenyewe. Walioilalamikia walisema vijana wengi walimaliza masomo bila kuketi na kijana wa kabila jingine. Kanuni ile ilikuwa na nia ya kumsaidia mwenyeji asidhulumiwe nafasi ya shule iliyo mlangoni pake. Nia njema huzaa kuta vilevile, na ukuta uliojengwa kwa huruma huzuia kama uliojengwa kwa chuki.

Mtu mwenye busara aweza kupinga. Atasema: "Mwacheni mtoto asome karibu na mama yake." Hoja hii si ndogo. Katika masika Mto Kilombero na matawi yake hufurika, na tambarare huwa bahari ya matope. Njia ndefu ina majaribu kwa kila mtoto, na kwa msichana ina majaribu ya ziada. Kila kilomita inayoongezwa katika ramani yaweza kuwa sababu ya binti mmoja kuacha shule. Mchora ramani huketi kivulini na huvuta mstari wake kwa sekunde moja. Mtoto huutembea mstari huo kila siku, akienda na kurudi. Haki ambayo gharama yake yote hulipwa na miguu ya mdogo ni haki yenye kasoro.

Hoja hii imewahi kusemwa kwa ukali zaidi mahali pengine. Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi waliingia shule ya Little Rock katika jimbo la Arkansas wakilindwa na askari, huku watu wazima wakiwazomea. Mwanafalsafa Hannah Arendt, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1959 kuwalaumu wakubwa waliowatwika watoto mzigo wa kuibadili dunia ambayo wao wenyewe walishindwa kuibadili. Walikuwapo waliomjibu kwa uchungu, kwamba mtoto mweusi alikuwa amekwisha kutwikwa mzigo ule tangu kuzaliwa, awe ameingia shule ile au hakuingia. Pande zote mbili zilishika kipande cha kweli. Mtoto si daraja la kukanyagwa ili wakubwa wavuke. Walakini kumwacha ng'ambo peke yake si kumhurumia.

Ipo hoja ya pili, ambayo hutajwa mara chache. Wako wapendao kuchanganya watoto kama mpishi achanganyavyo viungo, ili chakula cha mwenye nyumba kiwe kitamu. Husema ni vema mtoto wa mjini akutane na mtoto wa mfugaji, apate kujifunza. Lakini mtoto wa mfugaji hakuzaliwa ili awe somo la mwenzake. Akiletwa katika darasa ambamo matamshi yake huchekwa, ambamo kila mfano wa hesabu ni wa duka na hakuna hata mmoja wa zizi, na ambamo kuchunga ng'ombe hutajwa kuwa ni adhabu ya asiyejua kusoma, huyo hakuchanganywa, ameonyeshwa tu. Kuketi pamoja si kujuana, na kujuana si kuheshimiana. Mpaka unaweza kufutwa katika ramani ukabaki katikati ya chumba, kati ya dawati na dawati.

Baada ya kuzisikia hoja hizi, wengine huamua kwamba heri mipaka iachwe kama ilivyo. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, maana huko kuacha kunadhaniwa kuwa si kutenda. Mpaka wa kata haukuota kama mwembe. Ulichorwa, na aliyeuchora alichagua, ajue asijue, kwamba watoto wa boma hili watakuwa huku na watoto wa kijiji kile watakuwa kule. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la mji wa Detroit, ilikataa mpango wa kuchanganya wanafunzi uliovuka mipaka ya wilaya za shule kuingia vitongoji vya nje. Na kwa kuwa weupe wengi walikuwa wamehamia huko nje, mchanganyiko ulishindikana. Mipaka ile, iliyotungwa na watu, ilipewa heshima ya mto na mlima. Ndivyo dhuluma ipatavyo makao ya raha: hufanywa na wote, na hapana aulizwaye.

Tena katika bonde hili serikali haijaona haya kuchora mistari mipya panapokuwa na sababu. Mwaka 1992 ilichora mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na watu wa Mang'ula na jirani zake wakajifunza kwamba msitu waliouzoea una mwenyewe mwingine. Kwa ajili ya miti, nyani na chemchemi, mistari ilivutwa na maisha ya watu yakageuzwa. Haisemwi kwamba ilikosewa. Maji ya milima ile hunywesha bonde zima. Lakini nchi iliyoweza kuchora mpaka ili kumhifadhi nyani haiwezi kusema kwamba kuchora mpaka ili kuhifadhi ujirani ni jambo lisilowezekana.

Basi swali hugeuka. Kuchora tayari kunafanyika. Lililobaki ni kujua mzigo wa kuchora utamwangukia nani. Na hapa maisha ya bonde lenyewe yana fundisho. Wakulima na wafugaji, ambao watoto wao hawakutani shuleni, wao wenyewe hukutana. Hukutana mnadani. Mwenye mpunga humhitaji mwenye fahali wa kulima. Mwenye ng'ombe humhitaji mwenye chakula. Mnada haujengwi ndani ya boma la mfugaji, wala katikati ya ua wa mkulima. Huwekwa mahali ambapo pande zote mbili zafika, na kila mmoja hutembea sehemu yake. Wakubwa wamejipatia mahali pa kukutania kwa ajili ya biashara; watoto hawajapewa mahali kama hapo kwa ajili ya maisha.

Kwa nini shule isijengwe kama mnada? Desturi ni kuweka shule katika moyo wa kijiji, karibu na ofisi na nyumba za wenye sauti, na kuwaacha wa pembezoni waifuate au waikose. Shule ikijengwa mpakani, penye maungano ya jamii mbili, mpaka hubadilika tabia: uliokuwa ukuta huwa uwanja. Hapo hakuna mtoto atakayesafirishwa ili kuwafaa wengine, wala atakayetembea mbali huku mwenzake akitoka mlangoni na kuingia darasani. Umbali utagawanywa sawa, na haki nyingi duniani si kitu zaidi ya kugawanya umbali sawa. Na pale ambapo maji au pori halikubali, jukumu ni la wakubwa: wajenge bweni, wajenge kivuko. Kwa miaka mingi Mto Kilombero uliitenga Ifakara na Ulanga, na watu walivushwa kwa pantoni. Daraja lililozinduliwa rasmi mwaka 2018 halikuuhamisha mto; liliufanya usiwe hoja. Anayetaka watoto wakutane na ajenge daraja kwanza, kabla ya kuwaamuru waogelee.

Hata hivyo upo mpaka mmoja ambao ramani ya shule haiufikii, nao ni mpaka wa fedha. Tangu milango ya shule za binafsi ilipofunguliwa zaidi katika miaka ya 1990, mwenye uwezo anaweza kumwondoa mtoto wake katika shule ya kata, akamlipia kwingine anakofundishwa kwa Kiingereza. Hapana sheria aliyoivunja, wala hapana mzazi wa kulaumiwa kwa kumtakia mtoto wake mema. Lakini akiondoka mtoto wa bwana shamba, wa mganga na wa diwani, huondoka pia sauti ya baba yake katika mkutano wa shule. Paa huvuja, na anayejua barua ya malalamiko huandikwaje hana mtoto chini ya paa hilo. Mwalimu wa hesabu hukosekana, na anayeweza kugonga meza ya mkurugenzi hana sababu ya kuigonga. Shule iliyobakiwa na wanyonge peke yao huwa nyonge. Kuchanganya watoto, basi, si kuwachanganya kwa kabila na dini tu. Ni kuchanganya nguvu za wazazi, ili mwenye sauti na asiye na sauti wanyeshewe na mvua moja.

Kutokana na hayo yapatikana kipimo, nacho si kigeni kwa wanadamu wanaogawana. Watu wawili wakigawana kipande cha nyama, na mmoja akataye, ni haki mwenziwe achague kwanza. Kwa njia hiyo kisu hunyooka chenyewe. Mwanafalsafa John Rawls wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya haki, alilikuza wazo la namna hiyo: sheria ya haki ni ile ambayo watu wangeikubali kabla hawajajua nafasi zao wenyewe katika jamii. Katika shauri la shule maana yake ni nyepesi. Anayechora mpaka na auchore kama mtu asiyejua mtoto wake atalala nyumba gani usiku: mjini Ifakara, kambini Kidatu, katika kibanda cha shambani Mofu, au bomani ukingoni mwa mbuga. Akiona kwamba upande mmoja wa mstari wake hangethubutu kumweka mtoto wake, mstari huo haujanyooka, ajapokuwa ameuchora kwa rula.

Kipimo hiki hakitampa kila mtu furaha. Yako maeneo ambako jamii moja imekaa peke yake kwa umbali mrefu, na hapo kuchanganya kwa nguvu kungekuwa ukatili. Mtoto wa huko na apewe mwalimu mwema na kitabu kizima, na kukutana na wengine kuje kwa michezo, kwa ziara na kwa bweni atakapokomaa. Wako wazazi watakaoona watoto wao wanapotezwa kati ya wageni, nao wasikilizwe kabla ya kujibiwa. Lakini penye jamii mbili zinazotazamana kwa moshi wa mafiga yao, na zinazonywa mto mmoja, hapana udhuru wa kuwapa watoto wao shule mbili zinazopeana visogo.

Bonde la Kilombero halitapungua watu. Maji yake yatazidi kutakiwa na mpunga, na miwa, na mifugo, na mitambo ya umeme, na wanyama wa pori. Na kila mwaka yatapaswa kugawanywa na watu waliokwisha kukua. Watu hao leo ni watoto. Siku moja wataketi kugawana mto huo, na hapo ndipo itakapojulikana kama wale walioketi upande huu na upande ule wa meza wanaitana kwa majina.